Bibo, Kidonge na Mbiu ya Msuli

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, chini ya mikorosho ya Masasi na Newala ardhi hupakwa rangi nyekundu na njano. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, hudondoka usiku, na alfajiri wakulima huinama, huyaokota moja moja, huinyonga korosho na kuitia kwenye ndoo. Korosho ina safari yake: gunia, ghala la chama cha msingi, mnada. Bibo halina safari. Machache hukamuliwa uraka, ile pombe ya mabibo, mengine huanikwa juani, na yaliyo mengi huozea palepale, kwa sababu bibo lililoanguka huanza kuchacha kabla ya siku kuisha.

Na tunda hilo si dogo kwa thamani. Gramu 100 za bibo huwa na takribani miligramu 200 za vitamini C, ilhali chungwa lina kama 50. Lakini kijana wa Masasi au Newala, anayecheza mpira jioni na kukimbia asubuhi, akitaka vitamini C huenda duka la dawa kutafuta kidonge cha miligramu 1,000, kile kinachofoka kwenye glasi ya maji. Ameambiwa kitamwondolea uchovu, kitatuliza misuli na kumwongezea pumzi. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua, kwa sababu utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kidonge hicho kinaweza kufanya kinyume chake.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa nadharia kwamba mwili huzeeka kwa sababu ya radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hunyang'anya elektroni kwa jirani zake na kuharibu mafuta, protini na vinasaba vya seli. Mwaka 1982 Kelvin Davies na wenzake huko California waliwakimbiza panya mpaka wakachoka kabisa, wakakuta radikali huru katika misuli na maini zimeongezeka mara mbili hadi tatu. Vitamini C na E ni antioksidanti: hutoa elektroni na kuzituliza radikali hizo. Hesabu ikaonekana nyepesi. Mazoezi huleta radikali, radikali huharibu, basi mwanamichezo na ameze antioksidanti kwa wingi.

Hesabu hiyo ilisahau jambo moja. Kwa msuli unaofanya kazi, radikali huru ni mbiu ya mgambo, na mbiu ikilia kuna jambo. Zikipanda, seli hupata habari kwamba kazi imezidi uwezo uliopo, nayo huwasha vinasaba vya kujenga mitokondria zaidi, yaani vile viungo vidogo vya ndani ya seli vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Huwasha pia vinasaba vya antioksidanti za mwili wenyewe. Ndiyo maana mkimbiaji wa miezi mitatu hahemi kama wa siku ya kwanza. Ukiinyamazisha mbiu kwa dozi kubwa kila siku, sehemu ya habari haifiki.

Mwaka 2008 watafiti wa Valencia, Hispania, waliwafunza panya kukimbia. Waliofunzwa bila vitamini C waliongeza muda wa kukimbia kwa takribani asilimia 187. Waliopewa vitamini C, asilimia 26 tu. Mwaka uliofuata Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwafanyisha mazoezi vijana wapatao 40 kwa wiki nne. Nusu walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E. Mazoezi kwa kawaida huufanya mwili uisikie vizuri zaidi insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na faida hiyo ilionekana kwa wale wasiomeza vidonge. Kwa waliomeza, haikuonekana. Mwaka 2014 ukaja utafiti wa Oslo, Norway: watu 54, wiki 11. Dalili za mitokondria kuongezeka ziliwapata waliopewa vidonge visivyo na dawa, si waliopewa vitamini.

Katika jaribio hilo la Oslo, hata hivyo, uwezo wa kutumia oksijeni na matokeo ya kukimbia yalipanda sawasawa katika makundi yote mawili. Kwa hiyo haithibitiki kwamba kidonge kitamfanya mchezaji wa Newala ashindwe mechi. Ila faida aliyoahidiwa haipo, na chini ya ngozi kuna mabadiliko mazuri yanayopungua. Ukitoa pesa yako kwa biashara ya namna hiyo, umepunjwa.

Na maumivu ya misuli? Mtu akiteremka kutoka Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Newala, kuelekea bonde la Ruvuma, kisha akapanda kurudi, kupanda ndiko kutakakomtoa jasho. Lakini kesho yake na keshokutwa mapaja yatamuuma kwa sababu ya kuteremka. Katika kushuka, msuli hurefuka huku umebeba uzito, na nyuzi zake hupata mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2017 mtandao wa watafiti wa tiba uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 50 yenye washiriki 1,089 juu ya antioksidanti na maumivu ya aina hii. Nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba mtu wa kawaida asingeitambua. Dawa inayojulikana kufanya kazi ni mteremko wenyewe: ukiurudia baada ya wiki moja au mbili, maumivu hupungua sana, maana msuli umeshajirekebisha.

Hata hivyo, vitamini C haikosi kazi. Majaribio matano ya wakimbiaji wa marathoni, wateleza theluji na wanajeshi waliokuwa katika kazi nzito kupita kiasi yalionyesha kwamba iliwapunguzia mafua kwa nusu. Tena husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi, kunde na kisamvu, vyakula vya kila siku vya uwanda huu. Mchezaji aliyepungukiwa damu hana pumzi hata afanye nini, kwa hiyo embe au chungwa baada ya sahani ya mbaazi ni jambo la maana kuliko kopo zima la vidonge. Bibo hapa lina kasoro yake: ukakasi unaokwaruza koo unatokana na tanini, na tanini hubana madini hayohayo ya chuma. Liliwe mbali na mlo, au maji yake yachujwe kwa uji wa mchele ili kupunguza ukakasi.

Nchini Thailand watafiti waliwapa wanaume wachache maji ya mabibo kila siku kwa wiki nne, wakaona kwamba wakati wa zoezi kali miili yao ilichoma mafuta zaidi. Ni utafiti mdogo, na haumruhusu mtu kuuza juisi ya bibo kama dawa. Lakini sisi ndio wenye mabibo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekwisha kuonyesha namna ya kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa bibo. Kilichobaki ni kushirikiana na vyuo vya tiba, wapime tunda hili kwa wachezaji wa hapa.

Hatari nyingine imo ndani ya kopo lenyewe. Mwaka 2004 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilitangaza matokeo ya kupima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 kati yake vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mchezaji akipimwa na kukutwa nazo hufungiwa, hata kama hakujua.

Kwa hiyo, kocha unayepanga bajeti ya timu ya wilaya, futa mstari wa vidonge. Fedha hiyo nunua mayai, mbaazi na matunda ya msimu, na wahimize vijana walale kwa muda wa saa nane ndani ya chandarua.