Fahamu: Mradi una nafasi gani katika elimu ya Kiislamu?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa Kenya mwaka 2019, unahimiza kujifunza kwa kutenda kupitia miradi, na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni mojawapo ya masomo yake. Somo hilo linaufaa mtindo huu kuliko inavyodhaniwa. Chukua zaka ya mazao. Huko Taveta mahindi hulimwa kwa mvua na kwa umwagiliaji. Wanafunzi wakipima mahindi ya mkulima, watajua kama yamefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mazao yanayotolewa zaka, takriban kilo 653. Kisha watatenga ya mvua, yanayotolewa asilimia 10, na yaliyonyweshwa kwa gharama ya pampu, asilimia 5. Aliyekariri viwango tu hukwama mbele ya gunia.

Wapo wanaohofia kwamba miradi itakula muda wa kuhifadhi Qurani. Hofu hiyo ina msingi: hifdhi ni kazi ya kurudia mbele ya mwalimu, na ibaki hivyo. Ila fikihi ya zaka, tohara na biashara ni elimu ya matendo. Kuhusu gharama kwa wazazi, mpango wa madrasa za awali wa Aga Khan Foundation, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, ulionyesha kuwa vifaa vya kufundishia vinaweza kutengenezwa kwa vitu vya mtaani. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu aliyeandaliwa.