Kikapu cha Pasaka

Katika nchi ya Polandi, Jumamosi Takatifu asubuhi, watoto wengi wanaonekana njiani na vikapu vidogo mikononi. Kila kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Wanakwenda kanisani ili padri abariki chakula cha Pasaka.

Nchi hiyo iko mbali, huko Ulaya, nayo ni ya baridi. Lakini mtu mmoja wa huko mnamjua: Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, yule Papa aliyekuja Kinshasa mwaka 1985, akamtangaza Sista Anuarite kuwa Mwenye Heri. Yeye alizaliwa Polandi, katika mji wa Wadowice, mwaka 1920.

Ndani ya kikapu mna nini? Msidhani mna vitu vya fahari. Mna mayai ya kuchemsha, kipande cha mkate, chumvi kidogo, soseji au nyama ya nguruwe kidogo, na mzizi mmoja mkali sana. Mzizi ule ukikunwa, hata mwanaume mzima hutokwa na machozi. Wenyewe husema unawakumbusha uchungu wa mateso ya Bwana Yesu. Mama mwenye siagi huifinyanga iwe kama mwana-kondoo, na punje mbili za pilipili manga zinakuwa macho yake.

Lakini chakula kikubwa ni yai. Kwa nini? Zamani Wakristo wa Ulaya hawakula nyama wala mayai muda wote wa Kwaresima. Kuku, kwa upande wao, hawajui Kwaresima! Waliendelea kutaga, na siku zile majira ya baridi yalikuwa yanakwisha, ndipo kuku hutaga zaidi. Basi Pasaka ilipofika, mayai yalikuwa tele nyumbani, wala hapakuwa na haja ya kununua. Tena yai lafanana na kaburi: kwa nje ni gumu kama jiwe, na ndani mna uhai.

Rangi ya mayai nayo hainunuliwi. Tangu mwanzo wa Kwaresima, mama hatupi maganda makavu ya vitunguu, ila huyaweka katika mfuko jikoni. Nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo kwa vitunguu vya soko letu. Twaeni maganda ya vitunguu kumi hivi, myachemshe katika litre moja ya maji kwa nusu saa, kisha mwache maji yapoe. Tieni kijiko kimoja cha siki, maana siki hula ganda la yai kidogo, na rangi hupata kushika. Sasa wekeni mayai polepole, mchemshe kwa moto mdogo dakika kumi. Mkitia yai baridi katika maji yanayotokota, litapasuka. Yai likikaa zaidi ndani ya maji yale, litazidi kuwa jekundu la kahawia. Likikauka, lipakeni mafuta kidogo ling'ae, na kwa ncha ya sindano mwaweza kukwaruza msalaba au ua juu yake. Ila msichukue mayai chini ya kuku anayeatamia! Na kwa sababu ya joto la kwetu, chemsheni Jumamosi yenyewe, mle Dominika asubuhi.

Wapolandi nao wameona miaka ya shida. Toka mwaka 1981 mpaka 1989 nyama iligawiwa kwa kadi za serikali: kila mtu alikuwa na kipimo chake cha mwezi, na mbele ya maduka watu walisimama mstari mrefu. Soseji ya Pasaka ilipatikana kwa taabu. Je, mama aliacha kikapu nyumbani kwa haya? Hapana. Mwenye kipande kama kidole aliweka kipande kama kidole, akakifunika kitambaa safi, akampa mtoto. Vikapu viliendelea kwenda kanisani.

Huko hupangwa juu ya meza ndefu, na penye watu wengi hata juu ya majani nje. Vitambaa hufunuliwa. Padri husali, kisha hupita akinyunyiza maji ya baraka, na kikapu cha tajiri na cha mjane hulowa pamoja. Baraka hiyo si ya Polandi tu. Imo katika kitabu cha baraka cha Kanisa, na padri wa kwenu anayo.

Siku ile hakuna anayeonja. Mtoto hurudi na kikapu akinusa soseji njia nzima, maskini! Dominika, baada ya Misa ya Ufufuko, watu wa nyumbani huizunguka meza. Baba au bibi hutwaa yai moja lililobarikiwa, hulikata vipande vidogo, na kila mmoja hupewa kipande chake na kutakiwa heri. Yai moja laweza kutosha watu wanane. Maganda yake hayatupwi jalalani pamoja na takataka: wengine huyachoma, wengine huyazika shambani.