Mama Mshauri Naye Hufundwa

Mjamzito akipewa majibu kwamba ana virusi vya Ukimwi, muuguzi huwa na dakika chache tu za kukaa naye. Foleni imefika mlangoni. Anaanzishiwa dawa, anapewa tarehe ya kurudi, anaondoka. Maswali yanamjia njiani: mume nitamwambia nini, mama mkwe akiona kopo je, mtoto atanyonya? Na akiziacha dawa, hatari ya kumwambukiza mtoto yaweza kufika asilimia 45; akidumu nazo hushuka chini ya 5.

Mwaka 2001 huko Cape Town, Dk. Mitch Besser alianza kuwatumia kinamama wenye virusi, waliokwisha kujifungua, kuwashauri wenzao kliniki. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la mothers2mothers, na baadaye Kenya, Uganda na Tanzania nazo zikapata kinamama washauri. Utafiti wa Malawi uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba baada ya miaka 2, asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado kwenye matibabu. Waliosaidiwa na kinamama wenzao walifika asilimia 80 na zaidi. Dawa zilikuwa zilezile.

Wengi huishia hapo, wakidhani aliyepitia jambo tayari ni mshauri. Sivyo; mshauri naye hufundwa.

Chukua kopo la vidonge. Likitikiswa hulia, na nyumba ya chumba kimoja haifichi sauti. Mama aliyewahi kuvihamishia vidonge kwenye pindo la khanga atamwelekeza mwenzake afanye hivyohivyo, kwa nia njema kabisa. Lakini nje ya kopo lake dawa hupata jasho na unyevu. Mafunzo humwonyesha kwamba hofu ile ni ya kweli, ila suluhisho lake watafute pamoja na mfamasia. Dawa nazo hubadilika: aliyejifungua 2014 huenda alimeza efavirenz usiku kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto za kutisha, ilhali tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dolutegravir. Akimsimulia binti wa leo ndoto zile, anamtisha bure.

Somo gumu kuliko yote ni kunyamaza. Anafundishwa kumwacha mwenzake alie hadi amalize, ndipo aseme "hata mimi." Anajifunza kutomsukuma ajiweke wazi kwa mume eti kwa kuwa wake yeye alipokea vizuri. Kuna nyumba ambamo neno hilo huleta kipigo. Hapo kazi yake ni kumfikisha kwa muuguzi au ofisa ustawi wa jamii. Tena anyamaze hata nje ya kliniki, maana yeye na anayemshauri wanaishi mtaa mmoja, wanakutana sokoni na misibani. Salamu ikizidi kidogo tu, majirani wanaanza kuunganisha mambo.

Baada ya mafunzo awepo msimamizi wa kumsikiliza na yeye, maana machozi ya watu hufukua ya kwake.

Kisha malipo. Washauri wengi hutegemea posho za miradi ya wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wengine walijikuta nyumbani huku kinamama waliokuwa wakiwalea bado wanawapigia simu. Mwaka 2023 Kenya ilianza kuwalipa wahudumu wa afya ya jamii posho ya kila mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangia nusu kwa nusu. Mama mshauri aingizwe kwenye bajeti ya namna hiyo, na halmashauri zetu Tanzania zimtengee fungu lake, kabla mradi mwingine haujafungwa.