Aliyekwenda Burma Asirudi

Familia kadhaa za Wakurya wa Tarime na Serengeti zina babu anayetajwa kwa maneno machache tu: alichukuliwa Keya, akaenda Burma, hakurudi. Watoto wetu huku ughaibuni wanapouliza alifia wapi, tunawajibu Burma. Huenda hata hakufika.

Keya ndiyo KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza lililoandikisha Wakurya kwa wingi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vikosi vya 26 na 36 vya Tanganyika vilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilipelekwa kwanza Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na mwaka 1944 ikapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma. Kufika huko kulitaka kuvuka Bahari ya Hindi, na nyambizi za Kijapani zilikuwa zinawinda humo. Masimulizi yetu huiruka safari hiyo, nami naona hapo ndipo pa kuanzia.

Mapema Februari 1944 meli tano za askari zilitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, ilipakia watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, manesi na wanawake wa huduma za jeshi. Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wengi wa askari waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi.

Kilichofuata kinaniuma zaidi. I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na kama ingeachwa, ingeweza kuzishambulia meli zilizobaki. Meli za kivita Petard na Paladin zikadondosha mabomu ya majini hapohapo, na baadhi ya waliookoka torpedo wakauawa na wenzao. Nyambizi ilizamishwa baada ya mapambano marefu. Watu 1,297 walikufa; waliotolewa majini hai walikuwa 214.

Hawana makaburi. Wanajeshi wa Afrika Mashariki waliopotea na meli hiyo wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Rejesta ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo hata aliye Minneapolis au Muscat anaweza kuitafuta leo usiku. Lakini mpigie simu mjomba au shangazi kwanza. Akina Mwita, Chacha na Marwa ni wengi mno, na makarani wa Kiingereza waliandika majina kama walivyoyasikia. Jina la baba yake babu, na namba ya jeshi kama kuna cheti au barua iliyotunzwa sandukuni, vitasaidia kumtofautisha na wenzake. Kisha tazama tarehe na kikosi. Ukikuta 12 Februari 1944 na East African Artillery, karibu hakika babu yako alifia baharini.