Chupa mbili na kaye moja: je, kidimbwi chako kinasafisha kweli maji ya zizi?



Katika kikao kimoja huku Lulimba, mama mmoja mfugaji wa nguruwe alituuliza: «Maji ya kidimbwi yangu sasa iko safi, naiona kwa macho. Naweza kumwagia lengalenga?» Nasi tukamuuliza: umepima mara ngapi? Akacheka: «Leo tu.» Swali lake ni kubwa, maana chini ya shamba lake kuna mto na watu wanachota maji pale.

Kidimbwi kinafanya kazi hivi. Katika shimo la kwanza, lenye kina, uchafu unazama na bakteria wasiohitaji hewa wanaula. Katika shimo la pili, pana na lisilo na kina, mimea midogo ya kijani inatoa oksijeni mchana, na bakteria wengine wanamalizia kazi. Kwa hiyo maji ya kijani si mabaya. Yakiwa meusi na kunuka sana, kidimbwi kimelemewa. Na maji yenye javel msiyapeleke humo: yanaua hao bakteria wanaowafanyia kazi.

Kupima hakuombi laboratware. Kila Jumatatu, saa ileile, jaza chupa nyeupe ya lita 1 pale maji yanapoingia, na nyingine ya aina ileile pale yanapotoka. Ziache zitulie dakika 30. Pima kwa rula matope yaliyokaa chini, andika kwa kaye, na andika pia kama mvua ilinyesha. Kama chupa mbili zinafanana kila wiki, kidimbwi hakisafishi kitu.

Tuchukue mfano wa wiki 5, pale maji yanapotoka: milimita 4, 5, 4, 19 na 5. Ukijumlisha na kugawa kwa 5, wastani unapita 7. Mtu atasema kidimbwi kimeharibika. Sasa zipange kuanzia ndogo: 4, 4, 5, 5, 19. Namba ya katikati ni 5. Kidimbwi ni kizima, wiki moja tu ndiyo imevuruga hesabu. Angalia kaye: kama wiki ile mvua ilikuwa kubwa, chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua, basi. Lakini ukikuta 4, 6, 9, 12, 15, hiyo siyo mvua ya siku moja. Matope yamejaa, uyatoe.

Na lengalenga? Chupa inaonyesha matope, haionyeshi vijidudu. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji machafu yaliyosafishwa, kama yatamwagiwa mboga za kuliwa mbichi, yasipite bakteria 1000 za kinyesi kwa mililita 100, wala yai 1 la minyoo kwa lita. Hayo macho hayaoni. Lengalenga inapikwa, ndiyo, lakini inakatwa kwa mikono ileile inayolisha mtoto. Kwa hiyo tulimjibu mama: maji hayo yapeleke kwa migomba na miti, chini kwenye shina. Kwa mboga, hapana. Na yasifike mtoni.

Kikao kijacho, kila mtu aje na kaye yake. Tutazisoma pamoja.