Sura ya Saba: Tovuti Kuukuu Mbele ya Skrini Ndogo

Ukishuka kutoka katikati ya Kigali kwenda Nyabugogo, mteremko wa Muhima unakupitisha mbele ya maduka na ofisi za kila aina. Chini kipo kituo kikuu cha mabasi, wanaposhukia wageni wa Huye, Rubavu na hata Kampala. Aliyeshuka basi akitaka kujua mabati yanauzwa wapi hatafuti kompyuta. Anatoa simu mfukoni. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyejengewa tovuti mwaka 2009, huyo ndiye mteja wa kufikiriwa kabla ya wote.

Tovuti ya wakati ule iliundwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, kwa ajili ya mwenzake aliyekaa hivyohivyo. Upana wake ulipangwa kwa pikseli zisizobadilika. iPhone ilipotoka mwaka 2007, Apple waliona kurasa za namna hiyo haziwezi kuenea kwenye kioo chake. Basi kivinjari cha simu kikafanywa kijichukulie kuwa na upana wa pikseli 980, kichore ukurasa mzima, kisha kiupunguze. Ndiyo maana tovuti kuukuu hufunguka nzima kwenye simu, lakini maandishi yake hayasomeki mpaka uyavute kwa vidole viwili.

Dawa ya kwanza ni mstari mmoja wa msimbo, juu kabisa ya ukurasa, unaokiambia kivinjari kitumie upana halisi wa simu. Peke yake hautoshi, kwa sababu jedwali la pikseli 900 litabaki na upana wake na kumwagika nje ya kioo. Mei 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza njia kamili: vipimo vya asilimia badala ya pikseli, picha zinazonyumbuka, na kanuni za mtindo zinazopima upana wa skrini kabla ya kupanga ukurasa. Njia hiyo ndiyo ninayoipendekeza mpaka leo. Ukurasa ni mmoja, anwani ni moja, na hulazimiki kutunza tovuti mbili.

Google nao wakaingia. Tarehe 21 Aprili 2015 walianza kuzipandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu katika matokeo ya utafutaji wa simu, kwa lugha zote, na kila ukurasa ukipimwa peke yake. Badiliko zito zaidi walilitangaza Novemba 2016: roboti lao lingeanza kusoma tovuti kama simu inavyozisoma, na faharasa yao ingejengwa kwa kilichoonekana huko. Kazi hiyo ilienda polepole, na Oktoba 2023 wakatangaza kwamba imekamilika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tuseme duka letu lilitengenezewa zamani tovuti ndogo ya pembeni kwa ajili ya simu, yenye nembo, namba na picha ya duka tu. Orodha ndefu ya mabati, rangi na mabomba ilibaki kwenye tovuti kubwa. Zamani hilo halikudhuru, maana roboti lilisoma tovuti kubwa. Leo linasoma ile ndogo, na orodha haimo. Duka linashuka katika matokeo ingawa mwenyewe, akifungua kompyuta ya ofisini, anaona kila kitu kipo mahali pake. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya rangi na urembo, linganisha maneno: kila kilichoandikwa kwenye toleo la kompyuta kiwe pia kwenye toleo la simu. Unaweza kukikunja chini ya kichwa cha habari ili kuokoa nafasi. Google hukihesabu, mradi kimo ndani ya ukurasa tangu unapofunguka. Kinachosubiri kubonyezwa ndipo kiitwe kutoka kwenye seva, roboti halitakiona, kwa sababu halibonyezi kitu.

Orodha ya bei iliyopigwa picha iandikwe upya kwa maneno. Picha za kamera ziwe nyepesi: kipimo cha Google ni picha au maandishi makubwa kuliko yote yanayoonekana ukurasa unapofunguka yawe yametokea ndani ya sekunde 2.5, na mteja wa Nyabugogo analipia bando lake mwenyewe.

Wapo wanaouza hofu, wakidai tovuti isiyopendeza kwenye simu itafutwa Google. Si kweli. Tangu Julai 2024, zinazokosa faharasa ni zile zisizofunguka kabisa kwenye simu. Ukurasa mbaya wenye jibu sahihi bado unaweza kutangulia ukurasa mzuri usio na kitu.

Hatari kubwa zaidi naiona kwenye ukarabati wenyewe. Fundi anajenga tovuti mpya, anabadilisha anwani zote, na kurasa za zamani za Kifaransa, zilizokuwa zikipata wasomaji kwa miaka, zinarudisha kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Ikiwezekana, anwani zibaki zilivyo. Zikibadilika, kila moja ielekezwe kwa msimbo wa 301, yaani wa kuhama moja kwa moja, kwenye ukurasa wenye habari ileile. Usizirundike zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Maelekezo hayo yaache yafanye kazi kwa mwaka mmoja au zaidi, na kila wiki fungua Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, uangalie ni ukurasa gani umepoteza wasomaji, ili uurekebishe huo kwanza.