Je, Wajua? Pilipili Nzima Hunukisha Mchuzi Bila Kuutia Ukali

Mpishi wa pwani anayeijua kazi yake huweka pilipili mbuzi moja ya kijani juu ya mchuzi wa samaki dakika za mwisho, nzima, na kikonyo chake. Haikatwi, haitobolewi, na mwiko ukipita huizunguka. Sufuria ikiepuliwa, mchuzi unanukia pilipili, lakini mtoto mdogo anakula bila kulia. Anayetaka kuwashwa huichukua ile pilipili na kuiminya kwenye sahani yake. Kwenye maharage ya nazi mambo ni hayo hayo.

Siri iko katika tabia mbili zisizofanana. Ukali wa pilipili hutokana na kapsaisini, dutu isiyo na rangi wala harufu, inayopenda mafuta na kuyakataa maji. Mmea huitengeneza ndani kabisa ya tunda, kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Hairuki na mvuke kirahisi, na moto wa jikoni hauiharibu upesi. Ngozi ikibaki nzima, sehemu kubwa ya ukali hubaki kifungoni. Harufu haina subira hiyo: imeundwa na kemikali nyepesi mno, na tunda likipata joto tu, zinatoka na kuenea sufuria nzima.

Wengi wetu tumeambiwa tangu utotoni kuwa mbegu ndizo kali. Sivyo. Mbegu hazitengenezi kapsaisini. Hupakwa tu kwa kugusana na ule utando. Anayekaa kuchokoa mbegu moja moja na kuuacha utando amejisumbua bure. Pasua pilipili kwa urefu, kwangua utando kwa ncha ya kijiko, na ukali mwingi utakuwa umeondoka huku nyama ya kijani ikibaki.

Tunda la kijani bado halijaiva, lakini kutoiva si upole. Kapsaisini huanza kujikusanya wiki chache baada ya mmea kuchanua, na tunda likifikia ukubwa wake kamili, hata kama bado ni kijani, huwa limeshakolea ukali. Kinachopungua ni sukari, ambayo huongezeka pilipili inapogeuka nyekundu. Badala ya utamu huo, pilipili ya kijani ina kitu ambacho nyekundu hukipoteza: ile harufu ya majani mabichi inayojaa jikoni kisu kinapogusa hoho. Mwaka 1969 mkemia Ron Buttery na wenzake huko California waliitambua kemikali yake, ya kundi la pirazini, wakakuta kwamba pua ya binadamu huihisi majini hata ikiwa sehemu 2 tu katika trilioni. Ni vitu vichache sana vya jikoni ambavyo pua zetu huvinasa kwa kiasi kidogo namna hiyo. Pilipili mbuzi ni ya ukoo mwingine na harufu yake huelekea kwenye matunda. Kwa maoni yangu hakuna inayopatana zaidi na samaki wa nazi.

Basi kosa kubwa tunaloifanyia pilipili mbichi ya kijani ni kuiwahisha jikoni. Inakaangwa na vitunguu mwanzo kabisa, inachemka mpaka nyama ilainike, na mwisho kinachobaki ni ukali mtupu, harufu imekwisha toka dirishani. Kama haja ni ukali pekee, pilipili kavu ya unga ingetosha. Mbichi iingie chakula kikikaribia kuepuliwa. Au igawe: nusu ikatwe na kukaangwa mwanzoni, ili mafuta yauchukue ukali na kuusambaza kila mahali, na nusu iingie mwishoni kwa ajili ya harufu.

Namna ya kuivunja nayo ina maana kubwa. Kisu kikali kinachokata vipande vyembamba vya kachumbari hupasua seli chache; mchi ndani ya kinu hupasua nyingi. Pilipili mbili za mti mmoja, moja iliyokatwa na nyingine iliyopondwa na chumvi na kitunguu saumu, haziwashi sawa, na mpishi aliyezoea kukata anapaswa kupunguza idadi siku anayoamua kuponda.

Rangi nayo ina masharti. Ukijani ni klorofili, na katikati ya kila molekuli ya klorofili imo chembe ya magnesiamu. Asidi ikiifikia, hasa kukiwa na joto, magnesiamu hung'oka na rangi hufifia kuwa kama zeituni. Ndiyo maana pilipili za achari, zilizokaa juani ndani ya ndimu na chumvi, hazina tena ukijani wa shambani. Kwenye achari hilo halina ubaya. Lakini kwenye chatne ya nazi inayoliwa na bajia, ukijani ni nusu ya raha. Saga pilipili mbichi na giligilani, kitunguu saumu na nazi iliyokunwa. Ndimu ikamuliwe wakati wa kupakua.

Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hakuna sufuria ya Afrika, Asia wala Ulaya iliyokuwa imeonja pilipili hizi. Asili yake ni Amerika, ambako watu wamezitumia kwa zaidi ya miaka 6,000, na Wareno walikuwa na mkono mkubwa katika kuzisambaza pwani za Afrika na India. Kwao zilikotoka kuna ufundi mmoja ambao natamani uenee zaidi huku kwetu, nao ni kuzichoma. Huko New Mexico, Marekani, pilipili ndefu ya kijani ni zao la fahari. Fabián García, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa Mexico, alitoa mwaka 1921 aina iliyoitwa New Mexico No. 9, na aina nyingi zinazolimwa huko leo zimetokana na kazi yake. Msimu wa mavuno ukifika, pilipili huzungushwa kwenye pipa la wavu wa chuma juu ya moto mkali wa gesi mpaka ngozi iungue na kutoa malengelenge. Kisha hufunikwa, mvuke wake wenyewe ulegeze ngozi, ndipo zinamenywa.

Jiko la mkaa linaifanya kazi hii vizuri kabisa. Ngozi ya pilipili ni ngumu na ina nta. Moto mkali huibandua kabla nyama ya ndani haijapondeka, na moshi huacha ladha yake. Hoho na pilipili ndefu za kijani zichomwe hivyo, zimenywe, zikatwe, ziingie kwenye mayai au zikorogwe na mtindi na chumvi kwa ajili ya mishkaki.

Na ule moto wa mdomoni? Kapsaisini haiunguzi kwa joto lolote. Hunasa kwenye protini ya neva iitwayo TRPV1, ambayo kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba joto limepita nyuzi 43 hivi za Selsiasi. David Julius na wenzake waliitambua mwaka 1997 wakitumia kapsaisini yenyewe, na mwaka 2021 Julius akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Protini hiyo hiyo huchokozwa na asidi na joto la kweli, kwa hiyo pilipili ile ile huuma zaidi ndani ya urojo wa moto kuliko ndani ya kachumbari iliyopoa. Kuku wao hudonoa pilipili bila wasiwasi, kwa sababu protini ya ndege haiijali kapsaisini.

Mikono iliyokata pilipili nyingi isuguliwe kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo ioshwe kwa sabuni. Mchuzi ukizidi ukali, ongeza tui zito: kapsaisini huhamia kwenye mafuta yake na ulimi hupata kidogo. Maji ya baridi hupoza kinywa kwa muda mfupi tu. Maziwa na mtindi husaidia zaidi, kwa kuwa protini yake iitwayo kasini huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini, kwa hiyo penye sinia la biriani na pilipili ya kuponda, bakuli la mtindi likae karibu.